Vigingi Vyekundu Kando ya Lami

Kyabahura, Nyabushozi
9 Mei 1999

Natukunda, binti wa kaka yangu,

Pokea salamu nyingi, nyingi kuliko maziwa ya msimu huu wa mvua. U mzima? Lile vumbi la saruji la dukani kwenu bado linakukohoza? Chemsha maji na samli unywe, usione aibu mbele ya watu wa Kampala. Mimi ni mzima. Miguu inalalamika lakini bado inanibeba. Ng'ombe nao hawajambo, ila mmoja, na huyo ndiye aliyenifanya niketi nishike kalamu.

Gaaju amekufa. Ni binti wa yule Gaaju uliyekuwa ukimwimbia ulipokuwa mdogo. Alitoka alfajiri, akafika lami, lori la mchanga likampiga. Dereva hakupunguza hata mwendo. Pembe moja tuliiokota ng'ambo ya mtaro. Mchungaji wangu Rwakanuma alilia kama mtoto, nami nikamwacha alie kwa ajili yetu wote wawili.

Kabla hatujamaliza kumfukia, baba yako akafika kutoka Mbarara. Hakuja peke yake. Alikuwa na mtu mmoja amevaa viatu vyeupe, kwenye matope haya ya Mei, na macho yake hayakutazama ng'ombe hata mara moja. Yalitazama ardhi iliyo kati ya malisho yangu na barabara. Anataka kujenga kituo cha mafuta pale, na nyumba ya kulala wageni, wenye malori wapate supu.

"Dada," baba yako akaniambia mbele ya ukoo mzima uliokuja kunipa pole, "barabara si ya ng'ombe. Barabara ni ya biashara."

"Na ng'ombe ni nini, Kamugasha? Mapambo?"

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Akatoa hukumu yake. Ng'ombe wangu mwingine akikanyaga lami kabla ya mvua za Septemba, kundi lote litahamishiwa Sanga, ardhi ya barabarani itauzwa, na mimi nitakwenda kukaa kwake mjini ili nipumzike. Nipumzike! Mwanangu, mtu akikuambia upumzike, mtazame ameshika nini mkononi. Nilirudi kwetu baada ya ndoa yangu kuvunjika, na mama yangu akaniambia, "Kaa hapa, chunga hawa." Sina karatasi yoyote ila neno hilo. Nikiondolewa hapa, sina pengine.

Nikasimama nikasema nitajenga uzio. Hapo ndipo walipocheka kwelikweli. Mwanamke ajenge boma? Kazi yetu si ni kusuka samli? Baba yako akasema, "Haya, jenga. Ila usivuke vigingi hivi, ni amri ya watu wa barabara." Kesho yake alikuja kuvipigilia, vimepakwa rangi nyekundu, ndani kabisa ya malisho yangu.

Wewe unauza waya kila siku. Nichagulie. Nimeshauza fahali wawili, usiwe na wasiwasi wa malipo. Jibu mpe dereva wa lori la maziwa, Mzee Katabarwa, ndiye aliyekuletea hii.

Sitahama. Nimeandika hivyo ili usome mara mbili.

Ni mimi shangazi yako,
Kebirungi


Kampala
23 Mei 1999

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kikohozi kimeisha, na samli nimekunywa huku mwenye duka akiziba pua. Je, wewe? Je, Bihogo? Je, Kyasha na ndama wake? Mwambie Rwakanuma pole sana. Nimemlilia Gaaju nyuma ya mabati, mteja akadhani nimekatwa na bati.

Sasa tuongee waya, maana nikiongea la baba nitaharibu barua yote.

Wenye mashamba ya kando ya barabara wote wananunua waya wa miiba. Nyuzi tano, nguzo za mkalitusi zilizochovywa kwenye oili chafu ili mchwa wasizile. Ng'ombe akigusa mara moja harudii. Kuna na wavu wa waya, ule wa matundu ya mraba, wazungu wa shamba la Masaka wameuweka, kuku hapiti. Mimi nakushauri miiba.

Lakini sikiliza hili kuliko waya: nguzo za kona. Uzio haufi katikati, unafia konani. Waya ukikazwa unavuta nguzo ya kona mchana na usiku, haulali. Kwa hiyo kila kona iwe na nguzo nene, ichimbiwe hadi kiunoni mwako, halafu mti wa mshazari uiegemeze. Usinirukie hapa, nakujua.

La pili ni lango. Lisikae usawa wa uzio. Lirudishe ndani, uzio uingie kama mfuko, ili ng'ombe wakikusanyika kungoja wasisimame ukingoni mwa lami, na lori la maziwa likija lisimame nje ya barabara. Na lifunguke kwa ndani. Lango linalofungukia barabarani, siku komeo likikatika, linakuwa mkono unaowaonyesha ng'ombe njia ya kifo.

Unaniona nimekuwa fundi! Bananuka, mchumba wangu, anasema nikiota usingizini nahesabu misumari. Anakusalimu. Kama baba hajabadili nia, sherehe ya kuniaga ni Desemba, nawe ndiye utakayenifunda, kwa hiyo hakuna kuhama wala kupumzika.

Ni mimi mtoto wako,
Natukunda


Kyabahura
14 Juni 1999

Natukunda mwanangu,

Nimefurahi u mzima. Huku jua limeanza, nyasi zinageuka rangi, na watu wameota midomo. Bihogo anakusalimu kwa pembe zote mbili.

Waya wako wa miiba sitaki. Nimekaa na barua yako siku nzima nikiibishia. Ng'ombe wa kizungu hana pembe, ana kichwa kama mtungi, akigusa mwiba anarudi nyuma. Ng'ombe wetu akigeuza shingo tu, pembe imefika kwa jirani. Mwiba ukimchoma upande mmoja anageuka kwa hasira, pembe inanasa waya wa juu, na hapo anavuta uzio mzima. Na chuchu za Kyasha je? Chuchu ikipasuliwa na mwiba, huyo hakupi tena maziwa, anakupa mateke. Wavu ndiyo kabisa usiutaje. Mtamba wa jirani yangu alipenyeza pembe kwenye tundu, akashindwa kuitoa, wakamkuta asubuhi amejinyonga amesimama.

Kwa hiyo nimechagua mwenyewe. Nipe waya mnene usio na miiba. Juu kabisa sitaweka waya, nitapigilia miti mirefu, kwa sababu waya ng'ombe hauoni lakini mti anauheshimu. Na upande wa barabara nitapanda minyaa mistari miwili, ikue, izuie taa za malori zisiwapofue. Lango lako la mfuko nimelipenda. Ila nimelipanua. Vipimo ulivyoandika ni vya ng'ombe vipara. Wangu hawapiti wawili pamoja bila kugongana pembe kama masufuria.

Ile nguzo ya kona ya kuegemezwa, hapana. Nguzo inayoegemea nguzo nyingine ni walevi wawili wanarudi nyumbani. Nitachimba zaidi, itasimama.

Vibarua wawili nilikuwa nao. Wamefanya kazi hadi Alhamisi, Ijumaa hawakuja. Nikawafuata kwenye vibanda vya barabarani nikawakuta wanakula nyama ya kuchoma kwa hela ya baba yako.

"Mama, usitukasirikie," mmoja akasema. "Kuna watu wanatuambia tunajengea boma mwanamke. Tutaoa wapi?"

"Nani alikuwa anakuoza wewe hata kabla ya hapo?" nikamwuliza.

Vibanda vyote vikacheka. Mwenye kuchoma nyama akaangusha koleo. Lakini hawakurudi, na kicheko hakichimbi shimo. Basi nimewaita wenzangu tunaosuka samli pamoja. Wamekuja saba, na mitaimbo ya waume zao. Mama Kyarimpa ameshika mtaimbo kwa mara ya kwanza maishani, akachimba hadi akauzika mguu wake mwenyewe. Wapita njia wanapiga honi. Wengine wanatutukana, tunawarudishia kwa faida. Mikono imetoka malengelenge yamepasuka, natia samli, nachimba. Tunafuata vigingi vyekundu, hatujavuka hata unyayo, asije akapata neno.

Leta waya.

Shangazi yako,
Kebirungi


Kampala
2 Julai 1999

Shangazi,

Shikamoo. Mikono inaendeleaje? Usitie samli peke yake, tia na chumvi kidogo ingawa itauma. Mimi nina afya, moyo ndio umechafuka, na leo sitaficha.

Waya unakuja na Mzee Katabarwa. Lori likishusha maziwa huku hurudi tupu, amekubali kuubeba. Umechagua vizuri, nakiri. Nimemwuliza mwenye duka habari ya pembe, akasema, "Kweli, sisi tunauza waya, hatuuzi ng'ombe." Nimetia na mashine ya kukazia, na misumari ya kupinda. Usiipigilie hadi mwisho, waya uache uteleze kidogo ndani yake, la sivyo ng'ombe akiegemea utakatika.

Sasa lile lililonichafua. Baba alikuja dukani, akanikuta napima huo huo waya wako.

"Wa nani huo?"

"Wa mteja, baba."

"Mteja ana jina?"

"Kebirungi."

Akakaa juu ya mfuko wa saruji, suti yake nzuri ikawa nyeupe matakoni. Akaniambia polepole, "Mimi sina ugomvi na dada yangu. Ninataka azeeke mahali pasipo na malori. Mnaniona mchoyo, lakini ni mimi nitakayeitwa kuja kumwokota barabarani siku atakapomkimbilia ng'ombe." Shangazi, nilitaka kumhurumia, na kidogo nilimhurumia. Halafu akaongeza, "Waya huo ukitoka hapa, Desemba mtafute mtu mwingine wa kukuaga. Mimi sitaketi pale."

Unajua maana yake. Msichana wa kwetu asiyeagwa na baba yake anatoka nyumbani kama aliyefukuzwa. Familia ya Bananuka itasema nini? Nilisimama pale, mkono kwenye waya. Kisha nikampigia kelele kijana wa mizigo aupakie. Mbele ya macho yake! Baba aliondoka bila kujipangusa.

Kwa hiyo usiniletee maneno ya walevi wawili. Nimeulipia waya huu kwa bei ambayo haiandikwi. Egemeza kona!

Na jambo moja zaidi. Hapa huja wakandarasi wa barabara kununua saruji. Nimewauliza habari ya vigingi vyekundu, wakanitazama. Wanasema alama zao ni vijiwe vya saruji, vimezikwa ardhini na kichwa kinabaki juu, na havikai ndani ya malisho ya mtu, hukaa karibu na mtaro. Hawajui kigingi chochote chekundu. Tafuta hivyo vijiwe kwenye majani.

Mtoto wako asiye na baba kwa sasa,
Natukunda


Kyabahura
21 Agosti 1999

Mwanangu Natukunda,

Najua umengoja. Wiki zote hizi sikukuandikia, si kwa ugonjwa. Wote ni wazima. Nilikuwa nangoja niwe na habari nzuri, nikapata mbaya kwanza, halafu ikaja nyingine ambayo sijui niiiteje. Kaa chini.

Uzio tuliumaliza mwisho wa Julai. Waya ulilia ukiguswa, kama zeze. Wanawake walicheza, Rwakanuma akawatungia ng'ombe majigambo mapya, na malori yakapunguza mwendo kututazama. Nikasema moyoni, Kamugasha, njoo ugonge paji la uso hapa.

Haikupita wiki mbili, kona ya mashariki ikaanza kuinama. Niliiona, nikaisukuma kwa bega, nikaiambia isimame. Haikunisikia. Waya ukalegea ubavu mzima. Ndiyo, nimeandika, umeshinda, usicheke hadi ukaanguka juu ya misumari yako. Shimo langu lilikuwa refu kuliko mimi nikiketi, na bado waya uliing'oa nguzo kama jino la mtoto.

Lakini ng'ombe hawakutokea konani. Hilo ndilo la ajabu. Wangeweza kupita pale wakiwa wamelala! Walikwenda mahali pamoja tu, katikati, penye uzio mzima kabisa, na kila jioni wakasimama hapo kifua kwenye miti, wanasukuma. Bihogo mbele. Nikawafukuza, wakarudi. Nikaweka matawi ya mgunga, wakayasukuma pamoja na miiba yake. Jumamosi mti wa juu ukavunjika, na Bihogo akatoka.

Nilikimbia, Natukunda. Nilikimbia kwa miguu hii. Nilisikia lori likipiga honi, nikafumba macho huku nakimbia. Nilipoyafungua, Bihogo alikuwa amesimama kwenye kile kipande cha nje, kati ya uzio wangu na lami, analamba udongo. Wengine wakamfuata wakalamba nao. Halafu mmoja mmoja wakalala, pembe zote zikitazama katikati, kama wanavyolala wakiwa nyumbani kwao. Malori yanapita karibu pale, wao wanacheua.

Mtu alimwambia baba yako. Jumapili alikuwa hapa pamoja na yule wa viatu vyeupe.

"Dada, neno ni neno. Ng'ombe ametoka."

"Neno lilikuwa lami. Nionyeshe kwato kwenye lami."

"Ametoka nje ya uzio!"

"Uzio ni wangu. Ukitaka kuweka sharti juu ya uzio, jenga wako."

Yule wa viatu vyeupe akasema huyu mama ni mkaidi. Nikamwambia asante. Baba yako akaniachia hadi mvua, akaondoka akitikisa kichwa.

Jumatatu nikachukua mtaimbo. Nilitaka kuchimba pale nje palepale alipolala Bihogo, nijue wanalamba nini. Juu ni udongo mwekundu kama wa kila mahali. Chini yake ni mweusi, mlaini, ule wa samadi ya miaka na miaka, na chini zaidi majivu. Ni zizi, mwanangu. Zizi la zamani, na hayo ni majivu ya moto wa ng'ombe. Gaaju alikuwa anakwenda hapo siku ile, si barabarani, nadhani alipitiliza gizani. Ndama huonyeshwa na mama yake, naye alionyeshwa na wake.

Kando ya majivu mtaimbo ukagonga kigae. Nikatoa kimoja, nikatoa cha pili, nikaviunganisha. Ni chetezo cha mama yangu, kile cha kufukizia vyombo vya maziwa. Mdomoni pana alama za vidole vidogo, na vidole hivyo ni vyangu. Nilivibonyeza udongo ukiwa mbichi, mama akanichapa, halafu akaviacha.

Mama alinisimulia mara nyingi kwamba siku aliyozikwa baba zizini, alitoa chetezo kikavunjwe pale alipolala, yeye mwenyewe hakufika, kisha wakahama, kama ilivyokuwa desturi. Mimi nilikuwa kwa mume, huko Kabula. Baba yako alikuwa shule ya bweni. Aliyemzika alikufa kabla hatujamwuliza ni zizi lipi, maana mazizi ya baba yalikuwa mengi. Tukaamini ni lile la kilimani. Miaka yote hii namwagia maziwa kilimani, kwa nyasi!

Babu yako yuko nje ya vigingi vyekundu, Natukunda. Wanataka kumwekea mapipa ya mafuta juu ya kifua.

Nimefukia shimo kwa mikono. Nimetafuta kwenye majani karibu na mtaro, na vijiwe vyako vya saruji vipo, kama ulivyosema, mbali kabisa na vile vigingi. Sasa nang'oa uzio. Wote wa mbele. Ninausogeza hadi karibu na vijiwe, na nguzo haitachimbiwa penye udongo mweusi, tutazunguka. Vigingi vyekundu nimevitia jikoni, vinaivisha ulezi vizuri sana.

Nahitaji waya zaidi. Na niandikie tena ule mti wa mshazari unakaaje, ile barua ya kwanza niliiwashia moto kwa hasira.

Shangazi yako,
Kebirungi


Kampala
26 Agosti 1999

Shangazi,

Shikamoo. Nimeisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikasimama tena.

Waya unakuja na barua hii. Mti wa mshazari: kichwa chake kikae kwenye nguzo ya kona, chini kidogo ya ncha, na mguu wake ukanyage chini kabisa ya nguzo inayofuata, ardhini, juu ya jiwe bapa. Fuata mstari wa waya, usiutoe nje. Kila kona iwe nayo miwili, mmoja kwa kila upande. Nimekuchorea nyuma ya karatasi.

Nimemwandikia baba maneno machache. Kwamba Desemba nitaagwa. Ng'ombe wa mahari wataingizwa kwa lango lako, nami nitatokea kwa lango hilo hilo, kutoka zizini kwa babu. Kama baba yangu hataketi, babu yangu yupo, na huyo hawezi kuondoka akasema ana mkutano Mbarara. Bananuka alisoma akasema ni kali mno. Nikamwambia bado anao muda wa kubadili nia. Hajabadili.

Sikumwandikia habari ya chetezo. Hiyo ni yako kumwonyesha.

Mtoto wako,
Natukunda


Kyabahura
4 Oktoba 1999

Natukunda binti yangu,

Salamu za mvua. Imekuja, imenyesha kwa juma zima, minyaa imeshika. U mzima? Bananuka je? Mwambie huku tunamheshimu kidogo zaidi kuliko mwanzo. Ng'ombe wote ni wazima na hakuna aliyekanyaga lami. Hawasukumi tena popote. Jioni wanakwenda wenyewe hadi penye udongo mweusi, Rwakanuma anawasha moto wa samadi, nao wanalala kuuzunguka. Malori yakipita hata sikio halisogei.

Baba yako alikuja siku mvua ilipoanza, kama alivyoahidi. Yule wa viatu vyeupe alikuwa naye kwenye gari, na jamaa wengine wawili wenye kamba ya kupimia. Nilikuwa nimekaa langoni kwenye kigoda, ndani.

"Dada, umevuka vigingi."

"Vigingi gani?"

Akatazama huku na huku. Akaona hakuna.

"Nilikuambia ni amri ya watu wa barabara!"

"Watu wa barabara wameacha vijiwe vyao pale, vihesabu. Sijagusa hata kimoja. Vile vyekundu vilikuwa vya nani, Kamugasha? Sema jina, nimrudishie majivu yake."

Yule wa viatu vyeupe akashusha kioo akasema yeye ameshatoa ahadi kwa watu, kesho ataleta tingatinga. Nikainuka. Sikupaza sauti, mwanangu, nilishangaa mwenyewe. Nikamwambia alilete. Nikamwambia nitakuwa nimelala hapa, na wanawake saba kando yangu na mitaimbo, na ng'ombe nyuma yetu, achague aanze na nani. Kisha nikakitoa chetezo kwenye kanga, nikakipitisha kati ya miti ya lango, nikakiweka mikononi mwa kaka yangu.

Alikitambua papo hapo. Alikuwa mdogo, lakini alikuwepo siku niliyochapwa kwa ajili ya vidole vile, ndiye aliyenishtaki kwa mama. Alivigeuza vigae vile, akavigeuza. Mvua ikawa inampiga kichwani. Akatazama ng'ombe walivyolala.

"Hapa?" akasema.

"Hapa."

Akarudi garini, na gari likaondoka na viatu vyeupe. Hakuniaga. Chetezo alikwenda nacho. Nikasema basi, nimempoteza kaka, na kama ndiyo gharama nitailipa, nikala ulezi wangu na eshabwe, mchuzi wetu wa samli, peke yangu, na nikakasirika sana, maana samli ile niliitengeneza vizuri.

Tingatinga halikuja. Siku ya pili halikuja, na ya tatu.

Jana alikuja baba yako. Alishuka kwenye basi, amevaa mabuti. Akasimama nje ya lango muda mrefu, anatafuta komeo upande wa barabara.

"Linafungukia wapi hili?"

"Ndani," nikamwambia. "Binti yako ndiye aliyelipanga. Sukuma."

Akasukuma, akaingia. Akatembea hadi penye udongo mweusi, akavua kofia, akamwaga maziwa aliyokuja nayo kwenye chupa ya soda. Chetezo amekiunga kwa gundi, vibaya, kimepinda. Akakiweka pale. Nikamwacha. Mimi si mwepesi wa kusamehe na hilo analijua, sikumfuata wala sikumpa neno tamu.

Aliporudi akaniuliza, "Siku ya Natukunda, baba wa bibi harusi ataketi upande gani?"

Natukunda, maneno mazuri yalinijia, mengi, na makali zaidi yalinijia. Nikayaacha yote. Nikampa mtaimbo. Nikamwambia kona ya mashariki bado mti wake wa pili wa mshazari haujawekwa, na mtu asiyejenga uzio huu haketi ndani yake.

Akavua koti. Wanawake wakaja kutazama, Mama Kyarimpa akamwambia, "Mzee, angalia mguu." Alichimba hadi jua likazama, na mchoro wako ameushika mkononi, umelowa. Akauweka mguu wa mti bila jiwe, na kichwa amekitoa nje ya mstari wa waya, kinyume kabisa na ulivyoandika.

Nimemwambia aung'oe aanze upya. Amelala kwangu, na sasa hivi namsikia huko nje anatafuta jiwe bapa.

Shangazi yako,
Kebirungi